Mswada wa Watu Saba

Siku ya mwisho ya kupokea miswada ya shindano la ushairi, mwaka wa 1996, Swabaha alipiga taipu ubeti wa mwisho wa shairi la saba, na mguu wa meza ukavunjika. Akaichomoa karatasi, akamwambia Karisa kazi imekwisha, kurasa arubaini na mbili, na kwamba meza ni ya mjomba wake, kwa hivyo Karisa atajua mwenyewe la kumwambia.

Chumba cha taipu kilikuwa Bondeni, ubavuni mwa msikiti. Karisa alikuwa karani wa kuhesabu magunia Shimanzi, mtu aliyejifunza kusoma kwa maandishi ya magunia hayo hayo, na kusahau hakujifunza. Mwaka wa 1988, katika ghala alilofanyia kazi, mlima wa magunia ya sukari uliwaporomokea vibarua saba. Kabla ya magharibi, ukurasa wa siku ile ulikwisha chanwa kwenye daftari la mahudhurio. Kampuni ikasema siku ile haikuwa na kibarua hata mmoja. Wajane walipokwenda kudai, waliulizwa waume zao ni kina nani.

Basi Karisa akatunga mashairi saba. Washairi wa pwani hujitaja jina katika ubeti wa mwisho, msomaji ajue ni nani aliyesema. Nafasi ile Karisa aliwapa marehemu. Shairi la kwanza lilifungwa na Kitsao, la pili na Gunga, la tatu na Masha, hivyo hivyo hadi la saba. Mbodze, mjane wa Kitsao, alikuwa amemwomba jambo moja tu: jina la mumewe litoke kitabuni, kwa wino wa mashine, apate pa kuwaonyesha wanawe kuwa baba yao alikuwako.

Hamali wanne waliupakia mswada mkokotenini. Hamali hawasukumi mzigo wasioujua uzani, kwa hivyo walipitia kwa muuza nafaka, wakaupima. Kilo mia nne na ishirini. Mbodze akagawanya kwa saba.

"Sitini kila mmoja," akasema. "Hapo kuna aliyembebea mwenzake, shemeji. Kitsao wangu alikuwa mwembamba."

Karisa akasema labda ni Masha. Masha alikuwa akila.

Matbaa iliyoandaa shindano ilikuwa Mji wa Kale, vyumba viwili juu ya duka la mafuta ya uzuri, na ukumbi chini, nyuma ya duka. Mhariri wake, Bwana Muhdhar, aliwakaribisha kwa salamu ndefu, akaagiza kahawa, akaomba mswada uwekwe chini ukumbini kwa sababu sakafu ya juu ni ya mbao. Akainama akausoma wote hapo hapo, na katika shairi la tano akavua miwani, akaifuta. Kisha akasema haufai.

"Kanuni yasema mtunzi mmoja, ndugu yangu. Hapa mna watunzi saba, na kila mmoja amejitaja."

"Hawa hawakutunga. Hawa wamekufa."

"Basi hiyo ni kanuni nyingine. Mtunzi awe hai."

Hakusema kwa ubaya. Alieleza taratibu kwamba mashairi ni mazuri kuliko yote aliyopokea, na kwamba beti saba zikiondolewa, tuzo ni ya Karisa na kitabu kitatoka kabla ya Ramadhani. Mfadhili naye, akasema huku akitazama kikombe chake, angefurahi zaidi. Mfadhili alikuwa ni ile kampuni ya ghala.

Akatoa wembe, akamkabidhi Karisa.

Karisa alikuwa amengoja kitabu miaka minane. Akafunua shairi la kwanza, akauweka wembe chini ya ubeti wa mwisho. Alipokata inchi moja tu, mswada ulijiinua kidogo upande ule, kama godoro anapoamka mtu.

"Wale walimfuta siku ile," Mbodze akasema. "Leo wamfuta wewe?"

Karisa akaurudisha wembe. Akausajili mswada kama ulivyo, akapewa risiti, na baada ya wiki tatu akapata barua ya kuuengua. Barua ilimwomba pia aje auchukue, lakini hamali wale walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Kilindini, na wengine hawakukubali kuugusa. Ukabaki ukumbini. Wafagiaji wakajifunza kuuzunguka.

Tuzo ilitolewa humo ukumbini mwezi wa Disemba, kwa diwani moja ya mashairi juu ya asumini. Mbodze alikuja, akaketi safu ya nyuma na begi lake mapajani. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukiingia madirishani na kukiyumbisha kipaza sauti, hata Bwana Muhdhar akaagiza mguu wa kipaza hicho ufungwe kwa kamba kwenye mswada. Meneja wa kampuni akasimama mbele ya kipaza, akakohoa, akasema kampuni yao haijawahi kumsahau mfanyakazi wake yeyote.

Akasema kwa nusu saa. Kipaza sauti hakikutikisika.