Gumba la Seneta Haugen

Siku ya thelathini na nane tangu serikali ifungwe kwa kukosa bajeti, Seneta Lorna Haugen hakujua tena anamkomoa nani. Chama chake kiliapa: hakuna kupitisha bajeti mpaka ruzuku ya bima ya afya irudishwe. Yeye mwenyewe alimwapia Bi. Verna Stroud, mgonjwa wa figo wa jimboni kwake, huku bibi huyo kamshika mikono analia. Sasa imebaki kura moja tu serikali ifunguliwe. Ya nani? Yake!

Akampigia kaka yake Dale, mtumishi wa serikali anayeongoza ndege uwanjani, wiki ya sita hii kazini bila mshahara. Alitaka asihiwe, akubali kwa moyo mweupe.

"Dale, ukisema nikubali, nakubali."

"Thubutu! Mwezi mzima nala maharage ya kopo ya kanisani, halafu uwape wapinzani wenu ushindi bure? Njaa yangu ilikuwa ya nini? Ukikubali, Lorna, bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani utamla peke yako."

Lo! Basi msimamo ni msimamo. Akampigia Bi. Verna ampe habari njema.

"Mama, sijalegea. Dawa zako nazipigania."

"Nani kakutuma ufunge nchi kwa ajili yangu? Mjukuu wangu yuko jeshini bila mshahara, mkewe anapanga foleni ya unga wa msaada na kichanga mkononi. Naona haya kumtazama! Fungua, mwanangu. Figo ni zangu."

Seneta kichwa kikamzunguka. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi angalau hakuwa na wa kumpigia simu.

Akaingia ukumbini jina lake likiwa limeshaitwa. Aliyechelewa humwendea karani mezani akaonyesha kidole gumba: juu ndiyo, chini hapana. Lorna akanyoosha mkono. Gumba likalala ubavu.

"Mheshimiwa, sijaelewa," karani akanong'ona.

Hata mimi, alitaka kumjibu. Nyuma yake kiongozi wa chama chake akakohoa kumwonya. Gumba, kama kwa ubishi, likapanda.

"Bi. Haugen, ndiyo," karani akatangaza.

Wakampigia makofi wapinzani wale wale aliowaita wezi wiki nzima. Wenzake wakatazama makaratasi yao. Akatoka kibarazani, macho yanamwuma, akakuta ujumbe wa Dale: "Wamesema mshahara unakuja. Ahsante sikupi."

Akausoma mara tatu, asijue amesamehewa au amefukuzwa. Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika.