Uji wa Aliyeachwa na Homa

Baba alitoka hospitali Machi 1998. Homa ya matumbo ilikuwa imekwisha, na yeye mwenyewe karibu amekwisha. Daktari alisema dawa zimefanya kazi yake, kilichobaki ni kula. Baba hakula. Nilimpelekea matoke yaliyopondwa, supu ya kuku, maziwa. Niliviacha karibu na kitanda, nikirudi navikuta vilevile, vimepoa. Baba yangu, Mzee Abubakar, ambaye sauti yake dukani ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara, alikuwa amepunguza maneno tangu mama yangu alipofariki. Sasa yalikuwa yamekauka kabisa.

Ndipo nikakumbuka daftari la bibi yangu, mamake Baba. Bibi Rehani alizaliwa Mombasa, akaolewa hapa Old Kampala. Kila alichopika na kila dawa aliyowatengenezea watoto alikiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wakati wa vita askari waliingia nyumbani wakachukua redio na magodoro. Daftari hawakulitaka, alhamdulillahi.

Herufi nilizijua, nilisoma madrasa. Maneno ndiyo yaliyonishinda. Nyumbani tulisema Kiganda, lugha ya mama. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni tu. Nikaketi uani chini ya dirisha la Baba, nikiunganisha herufi kama mtoto.

"Unasoma nini, dada Naila?" aliuliza Séraphine. Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, muuza vitenge, mpangaji wa chumba chetu cha nyuma pamoja na bintiye, Estelle. Kwa mwaka mzima tulikuwa tumesalimiana tu.

"Hata sijui, Mama Estelle. 'Uji wa bilibili maga.'"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Pilipili manga! Soma tena. Wewe tamka tu."

Kumbe herufi zile hazina *p*, na Bibi aliruka *n* kila ilipotangulia *g*. Nikatamka, yeye akasikiliza. "Tagawizi" ikawa tangawizi. "Uga wa mtele" akaurudia mara mbili mdomoni. "Muchele! Ni unga ya muchele, dada." Tukaendelea hivyo, mstari kwa mstari, hadi tukafika kwenye "tui la kasimile."

"Kasimile?" Séraphine alitikisa kichwa. "Hiyo miye siijui."

"Kasimile," nikasoma tena kwa sauti zaidi. "Ka-si-mi-le."

"Ni tui la kwanza," sauti ikatoka dirishani juu yetu, nyembamba, yenye kukwaruza. "Kabla hujatia maji kwenye nazi."

Tukatazamana. Zilikuwa siku tisa tangu nimsikie Baba akitamka sentensi nzima.

Nikamalizia kusoma. Maneno ya mwisho hayakuhitaji kufasiriwa: *Mnyweshe kwa mkono wako. Keti naye hadi bakuli liishe. Mgonjwa hali peke yake.*

Nilifikiria mabakuli yote niliyokuwa nimeyaacha karibu na kitanda na kuondoka. Séraphine aliinuka. Alifunga kitambaa chake kichwani, akashuka soko la Owino, akarudi na nazi mbili. Aliutwanga mchele kwenye kinu chake mwenyewe, mimi nikakuna nazi, na uji tukaukoroga kwa zamu juu ya sigiri ya makaa.

Nilikaa kitandani kwa Baba nikampa kijiko cha kwanza. Akafumba macho.

"Pilipili imezidi," akasema.

"Nipunguze, Baba?"

"Nimesema imezidi. Sikusema uondoe."

Bakuli lilichukua karibu saa nzima. Katikati alianza kunisimulia jinsi mama yangu, alipokuwa bibi harusi mgeni, alivyoumwagia uji huohuo sukari na kumuudhi mama mkwe. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Alipomaliza akauliza ni nani aliyekuwa akinisaidia kusoma.

"Mama Estelle, mpangaji wetu."

"Mwite."

Séraphine akaja akasimama mlangoni, mikono ina unga.

"Mungu akulipe, mwanangu," Baba akamwambia. "Mama yako naye alikuwa na daftari?"

"Hapana, Baba. Mama hakujua kuandika. Alituonyesha kwa mikono. Na tulipokimbia sikubeba hata sufuria."

Baba akanigeukia. "Naila, daftari lina kurasa tupu?"

"Nyingi."

"Basi mpe kalamu."

Wiki zilizofuata Baba alikuwa akitoka kukaa uani kwenye kiti, mwili ukirudi polepole, akibishana na Séraphine kama majani ya muhogo yatwangwe na kitunguu au bila. Séraphine aliandika sombe, mboga ya majani hayo, akaandika maji ya ndimu na asali ya kikohozi, kwa herufi za mviringo alizofundishwa na masista.

"Juu yake weka jina la mama yako," Baba akamwambia.

Akaandika: *Victoire*. Kisha akaliangalia neno lile muda mrefu, kidole kikiwa pembeni yake.

"Sijawahi kuliona limeandikwa," akasema. "Asante, Baba."

Jumapili iliyofuata, Séraphine na Estelle walipotoka kanisani, tulipika sombe sufuria kubwa, tukala uani wote wanne.