Tanuri Halina Masikio

Bi Obdulia Regalado hakuwahi kusema "aa" mbele ya mtu. Hakusema alipojifungua, hakusema alipong'olewa jino, wala siku ile tetemeko lilipoangusha ukuta wa jikoni ukamlalia begani. Mtaa wake wote pale mjini Juchitán ulilijua hilo, naye alijua kwamba wanajua, na raha yenyewe ilikuwa hapo.

Kwa hiyo Daktari Renata, binti mwembamba aliyetoka mji mkuu, alipomshika kifundo cha kidole, akakibonyeza na kumwuliza kama panauma, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Hapa je, mama?"

"Mwanangu, hata ukibonyeza mpaka kesho, utachoka wewe."

Uongo mtupu. Vidole vya daktari vilikuwa vinagusa penyewe hasa, na Bi Obdulia alikuwa anakiona cha mtema kuni. Jasho lilimtiririka mgongoni chini ya blauzi yake iliyotariziwa maua makubwa mekundu. Lakini uso wake ulitulia, akatazama dirishani, ambako upepo wa kaskazini ulikuwa unaburuta bati la mtu barabarani.

Daktari akaachia mkono. Yeye na wenzake walikuwa wamekuja kwa juma moja katika zahanati ya mtaa kutafuta watu wenye baridi yabisi ambao vidonge vya kawaida vimewashinda. Walikuwa na dawa mpya ya sindano, na walitaka kujua kama inafaa. Asubuhi hiyo aliwaelezea wanawake wote waliokaa kwenye benchi. Mwili una askari wake, alisema, kazi yao ni kupigana na magonjwa. Wa kwenu wamechanganyikiwa, wanashambulia viungo vyenu wakidhani ni adui.

"Kama askari wa serikali tu," Bi Obdulia alisema, na benchi zima likaangua kicheko.

Daktari naye alicheka. Akaendelea kueleza kwamba dawa ile inawaondoa askari waliochanganyikiwa, kisha mwili unazaa wengine, na inatumainiwa hao wapya watakuwa na akili.

"Inatumainiwa," Bi Obdulia alirudia.

"Inatumainiwa, mama. Tungekuwa na uhakika tusingekuja kuwasumbua. Na nisiwafiche: wengine watachomwa dawa, wengine maji ya chumvi. Kura ndiyo itakayoamua, na hata mimi sitaambiwa nani kapata nini. Dawa ikionekana inafaa, waliopata maji nao watapewa."

Kamari, Bi Obdulia aliwaza. Lakini ni kamari inayochezwa mezani, mbele za watu, na hiyo aliipenda. Alikuwa ameshajaribu vidonge vya zahanati, mafuta ya nyoka, pombe yenye majani ya bangi ya kuchulia, na maombi kwa watakatifu wote anaowajua kwa majina. Mkono wa kushoto ulikwishakunjika, vidole vimelala upande mmoja, havirudi. Alibakiwa na wa kulia. Nao siku hizi ukiamka asubuhi ulikuwa mgumu kama wa sanamu. Mkono huo ukienda, tanuri lake la kuokea mikate limekwenda, na bila tanuri yeye angekuwa nani? Mwanamke wa kulala kwenye bembea ya kamba, akisubiri kuletewa kahawa na kuambiwa pole. Aliogopa pole kuliko alivyoogopa kifo.

"Mama," Daktari Renata akasema sasa, "uvimbe nauona. Huu mkono umevimba, hilo halina ubishi. Ila kuingia kwenye utafiti lazima viungo vivimbe na viume. Wewe unasema haviumi."

"Si unaona kwamba ninaumwa?"

"Uvimbe naona. Maumivu siyaoni, unayo wewe peke yako. Nikiyaandika bila wewe kuyasema, nitakuwa nimedanganya. Na tukianza kwa kudanganya, dawa hii itakuja kuwadanganya watu wengi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwa leo huingii. Kesho asubuhi ndiyo mwisho, kisha tunaondoka. Ukitaka, rudi nikupime tena."

Mlangoni alikutana na Hermila, muuza uduvi mkavu, shoga yake tangu utotoni na mama wa ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Hermila alikuwa anatoka chumba cha pili huku anajipangusa machozi, uso umejaa furaha.

"Nimeingia!" akasema. "Alivyonigusa tu, nimepiga yowe mpaka nesi kaangusha kikombe. Na wewe?"

Bi Obdulia akavuta shali yake kichwani. "Wamesema mimi si mgonjwa."

Hermila akamtazama ule mkono, akamtazama usoni. "Umewaambia haviumi."

"Nimewaambia ukweli wangu."

"Ukweli wako! Wewe ambaye juzi nimekufunga sketi kama mtoto wa chekechea? Shoga, mficha maradhi kifo humuumbua. Utakufa na tai shingoni, na tai yenyewe nitakufunga mimi, maana huwezi kufunga hata fundo."

"Wewe mbu akikuuma unaita padri."

"Naita, ndiyo. Na padri anakuja." Hermila akakita mguu chini. "Nani kakupa nishani kwa kunyamaza? Nionyeshe hiyo nishani, niione."

 Bi Obdulia alishuka barabarani akipigwa na upepo, amekasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua anamkasirikia nani.

Mtu ambaye hakukulia jikoni mwa watengeneza totopo anaweza kudhani mwanamke huyu ni mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Totopo ni mkate wa mahindi mwembamba, mkavu, uliotobolewa matundu, nao hauokwi juu ya moto. Hubandikwa ukutani ndani ya tanuri la udongo lililofukiwa ardhini, na kinachoubandika ni mkono mtupu. Mkono unaingia kwenye joto, unapiga, unatoka. Msichana anayefundishwa kazi hiyo hufundishwa kwanza kufunga mdomo. Mama yake Obdulia, Bi Nicolasa, alimfundisha kama naye alivyofundishwa: ukisema "inauma" mbele ya tanuri, totopo zinasikia, zinaona haya, zinaanguka majivuni. Ukizoea kunyamaza mbele ya moto, utanyamaza mbele ya mume, mbele ya polisi, mbele ya mtoza ushuru wa soko. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamesimama hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuwaona wakipiga magoti. Sasa kitoto kimoja kilichovaa koti jeupe kinataka apige kelele?

Alfajiri yake aliinuka kama kawaida. Bi Nicolasa alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake kando ya tanuri, kizee kilichokaushwa na moshi, nywele nyeupe zimesukwa kwa utepe wa kijani. Mikono yake ilikuwa imejikunja mapajani kama mizizi ya tangawizi. Haikuwa imebandika totopo kwa miaka mingi, ila ulimi ulikuwa mzima.

"Moto umekuwa mkali," alisema. "Punguza kuni."

"Nimeuona, mama."

"Hao madaktari wamesemaje?"

"Wamesema kama siumwi, niende zangu."

"Wamesema vyema. Maumivu huitwa na mdomo." Bi Nicolasa akafunga macho, ameridhika.

Bi Obdulia akatandaza unga wa kwanza, akautoboa matundu, akaubeba kwenye kiganja cha kulia. Akaingiza mkono. Vidole vilikuwa bado vimelala, havikufunguka vyema, na kiganja kiligusa ukuta kwa upande. Totopo ikashika. Akabandika nyingine, ikashika. Akaendelea hivyo kwa kujikaza, na robo ya ukuta ikajaa. Kisha kifundo cha mkono kikamchoma ghafla, kiganja kikageuka, na totopo ikateleza ikaangukia majivuni. Akachukua nyingine. Nayo ikaanguka.

Bi Nicolasa akafumbua macho. "Kuna mtu kalalamika humu ndani."

Bi Obdulia akasimama, unga mkononi, joto likimpiga usoni. Kuna maneno ambayo mtu huyabeba miaka bila kujua kwamba anayabeba.

"Nani kalalamika, mama?"

"Totopo hazianguki bure."

"Nakuuliza nani. Tuko mimi na wewe. Wewe umelalamika?"

"Mimi? Sijawahi!"

"Na mimi sijawahi. Tangu ulipoushika mkono wangu ukautia humu nikiwa sijaota meno ya ukubwa, sijasema neno. Nimenyamaza, mama. Nimenyamaza vizuri kuliko mtu yeyote katika mtaa huu. Na bado zimeanguka! Zimeanguka kwa sababu mkono umeharibika. Mkono, si mdomo!"

"Obdulia, nyamaza, tanuri litasikia."

"Lisikie!" Akainama juu ya mdomo wa tanuri mpaka nywele za mbele zikaanza kunuka kuungua. "Inauma! Umesikia wewe? Inauma! Mkono unauma, bega linauma, magoti yanauma, inauma asubuhi, inauma nikifunga sketi, inauma nikimbeba mjukuu! Inauma!"

Majirani wakafungua madirisha. Mbwa wa nyumba ya pili akaanza kubweka. Bi Nicolasa alijifunika uso kwa zile tangawizi zake.

Bi Obdulia akachungulia ndani. Zile totopo alizozibandika zilikuwa zimeshika ukutani palepale, zinaanza kugeuka rangi ya dhahabu. Hakuna hata moja iliyotikisika.

"Njoo uone," akasema.

"Sitaki."

"Njoo uone, mama. Tanuri halina masikio."

Bi Nicolasa akainuka taratibu, akishikilia ukuta, akaja, akainama. Alitazama kwa muda mrefu sana.  Bi Obdulia alitegemea matusi, lakini matusi hayakuja, na hilo lilimtisha zaidi.

"Zitoe zisiungue," hatimaye bibi akasema. "Halafu nipe shali yangu."

Walifika zahanati wakati madaktari wanafunga masanduku. Hermila alikuwepo, amekuja kutolewa damu, ameshaanza kulia kabla ya sindano. Alipowaona wote wawili, mama na binti, kilio kikakatika chenyewe.

Daktari Renata akavuta kiti. "Karibu, mama. Mkono, tafadhali." Akakibonyeza kifundo cha kwanza. "Hapa panauma?"

Bi Obdulia alivuta pumzi. Ajabu ni kwamba lilikuwa jambo gumu kuliko moto. Mbele ya tanuri alikuwa na hasira ya kumsaidia, hapa palikuwa na macho ya upole tu, na watu wa mtaa wake wamejaa kwenye benchi, masikio wazi.

"Panauma," akasema.

"Na hapa?"

"Panauma! Unadhani umeshika nini wewe, embe?"

"Samahani, mama. Hapa?"

"Aa! Panauma, mwana wa watu! Vidole vyako vya chuma hivyo?"

Benchi likacheka. Bi Obdulia akawageukia akiwa amenyoosha kidevu. "Chekeni! Huu mkono umewalisha nyote. Unauma, na nasema unauma, na anayeona ni aibu aje aniambie hapa nilipo." Hakuna aliyekwenda. Daktari akaendelea, kiungo kwa kiungo, na kila alipogusa Bi Obdulia alijibu kwa sauti ya sokoni, mpaka nesi akafunga dirisha kwa sababu watu walianza kusimama nje.

"Umeingia," Daktari Renata akasema mwishowe. "Lakini kumbuka nilivyosema jana. Huenda ukapata maji ya chumvi."

"Nikipata maji nitarudi kukutukana."

"Rudi. Hata ukipata dawa, rudi unitukane. Nataka kuyasikia yote, usinifiche hata kidogo."

"Hilo sasa usihofu," akasema Hermila kutoka kwenye benchi. "Umefungulia bomba."

Bi Obdulia alikuwa anainuka aliposikia kiti kikiburutwa. Bi Nicolasa alikuwa amejisogeza mpaka mezani. Akaiweka mikono yake juu ya kitambaa cheupe, mbele ya daktari, yote miwili, ilivyojikunja.

Daktari Renata akamtazama kwa huruma. "Bibi, utafiti huu una mpaka wa umri. Siwezi kukuingiza. Nisamehe."

"Nani kakuomba dawa? Mimi na dawa yenu wapi na wapi." Bibi akaisukuma mikono mbele kidogo. "Niulize na mimi."

 Daktari akamtazama Bi Obdulia, kisha akashika kidole kimoja kwa uangalifu, bila kukibonyeza.

"Hapa panauma, bibi?"

 Bi Obdulia akamwona mama yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akitafuta neno na kulikosa, halafu akalipata.

"Panauma," akasema. "Pote. Tangu kabla huyu hajazaliwa."

Bi Obdulia akapiga magoti sakafuni kando ya kiti cha mama yake, ingawa magoti yalimuuma, na akasema kwamba yanamuuma.