Sehemu ya Nne Iliyochomwa

Siku Fundi Viatu alipokikata kitabu cha marehemu baba yao, kaka yake alishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefiwa mara ya pili.

"Mdogo wangu, una wazimu? Kitabu cha baba unakichana kama soli ya kandambili?"

"Sikichani, kaka. Nakigawa."

Kilikuwa hadithi nene ya wachimba mawe waliomgomea tajiri wao, na kwa ajili yake baba alifukuzwa kwenye kinu cha unga. Msimamizi alimkuta akisoma nyuma ya magunia wakati wa mapumziko, mapumziko yake halali, akatangaza mbele ya wenzake: "Kibarua hasomi. Ukimpa kitabu atafungia tumbaku." Baadhi walicheka. Fundi alikuwa binti mdogo, amempelekea baba chakula. Aliinamisha uso kwa aibu, akaviona viatu vya msimamizi, vyeusi, vinang'aa. Mvi zimemwota tangu hapo, lakini viatu vile angevitambua hata leo vikiletwa kushonwa. Mtenda husahau; mtendewa hakumbushwi.

Alikikata sehemu sita kwa sababu aliwajua watu wake: kitabu kinene wanakikwepa kama sindano ya daktari, chembamba mkono unakwenda wenyewe. Kila sehemu aliishona kwa uzi uliopakwa nta, akaivalisha mabaki ya ngozi. Ya kwanza akaiacha kwenye benchi la zahanati, ya pili bombani, ya tatu kwa kinyozi, ya nne sokoni, ya tano posta. Nyuma ya kila moja aliandika inayofuata iko wapi, na chini yake: Soma, kisha rudisha ulipoitoa. Ya sita, yenye mwisho, aliibakiza kibandani kwake, juu ya kopo la misumari.

"Anayetaka mwisho atakuja," alisema. "Wakija, msimamizi alikuwa mwongo."

"Na wasipokuja?"

Fundi aligonga msumari uliokwisha kuingia.

Tangu hapo kaka hakupita kibandani bila kumchokoza. "Wageni wako wamefika?"

"Wako njiani."

"Labda wanakuja kwa magoti."

Kisha likazuka la sokoni. Mkuu wa soko aliikuta sehemu ya nne kwenye meza ya vitunguu, akasema uchafu ni uchafu hata ukivishwa ngozi, akaitupa katika moto wa takataka. Tusidanganyane. Mtu yule haogopi uchafu. Mtaro umeziba mlangoni pake na hajawahi kuuona. Alichoogopa ni wachuuzi waliokuwa wameinama pamoja juu ya ukurasa mmoja.

Kaka ndiye aliyeleta habari, na mara hii hakutania. "Pole, mdogo wangu. Na wameichoma ile ile ya mgomo."

"Umejuaje kwamba ndiyo ya mgomo?"

Kaka alijikuna sikio. "Si nilikwenda kunyoa, nikaona ya tatu inapoishia."

Fundi hakuwa na nguvu ya kumcheka. Nani angevuka kutoka ya tatu hadi ya tano bila daraja? Kitabu kilikuwa kimevunjwa mgongo, na baba amefukuzwa tena. Aliitoa ya sita juu ya kopo, akaifukia chini ya visigino vibovu.

Siku mtu wa kwanza alipofika, alikuwa mwanamke mchukuzi wa mizigo, kata ya kubebea ingali kichwani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mwenye mwisho?"

"Marahaba. Ndiye. Lakini ya nne imeungua, mwanangu. Utakuwa umeiruka."

"Nimeiruka wapi? Hii hapa. Nilitaka uione kabla sijairudisha sokoni."

Akamkabidhi karatasi za mifuko ya saruji zilizoshonwa kwa kamba ya katani, mshono wa kutia huruma. Wachuuzi waliokuwa wameisoma walikaa wakaiandika upya kutoka kichwani. Aliposahau mmoja, mwenzake alimsahihisha. Hati za mikono zilibadilika kila ukurasa. Fundi alisoma amesimama. Nyundo zilibwagwa chini kama zamani. Ila kiongozi wa mgomo, ambaye kitabuni alisema maneno mawili tu, sasa alijaza kurasa: alidai mtaro uzibuliwe, alidai kivuli, alidai choo cha wanawake.

"Haya ya choo hayakuwemo," Fundi alisema.

"Hayakuwemo? Basi mwandishi alisahau."

"Na mkuu wa soko?"

"Inalala pale pale kwenye vitunguu. Akipita anatazama pembeni. Siku hizi tunakaa wengi kuisoma."

Fundi alisogeza visigino vibovu. Aliifukua ya sita akampa, akamsogezea kigoda cha wateja. Kisha akafungua sanduku, akatoa kipande cha ngozi nyeusi inayong'aa alichokuwa akikitunza kwa viatu vya wakubwa, akakikata kwa kipimo cha karatasi za saruji. Akaanza kushona, na mshono ulinyooka.

Kaka alimkuta hapo. Aliitazama ngozi, akamtazama mgeni, akakohoa.

"Ehe, na huo mwisho, mimi naupata lini?"

"Subiri zamu yako, kaka," Fundi alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Mbele yako kuna kibarua anasoma."