Treni Haikatwi

Kila mwenye kamera ana kanuni zake. Mama Mabehewa alikuwa na moja tu: treni haikatwi. Ukianza kurekodi kichwa chake, utasimama kimya mpaka behewa la mwisho lipite, hata mvua inyeshe, hata nyuki atue puani pako.

Jina hilo alibandikwa na majirani kwa dhihaka, naye akalivaa kama gauni lililomkaa vyema. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Miaka mingi treni za mizigo zilipita nyuma ya mgongo wake, zikitikisa mikasi mezani, naye ameinamia kola za watu. Mwaka aliofiwa na mumewe aliigeuza cherehani, akaketi kuelekea dirishani, akayaona yale aliyokuwa akiyasikia tu: matangi ya mafuta, magogo yaliyofungwa minyororo, makontena ya kila rangi. Akanunua kamera kuukuu, akaishonea mto wa kuiegemeza kwenye ukingo wa daraja la waenda kwa miguu, akaujaza mabaki ya vitambaa. Tangu hapo, honi ikilia, wateja walijua kusubiri.

Alasiri moja, kichwa cha treni kilikuwa kimekwisha kuingia kwenye kioo cha kamera, mwanawe wa pekee, karani wa benki, alipopanda ngazi za daraja na tai yake shingoni.

"Mama, twende nyumbani tuzungumze."

Mama aliinua kidole kimoja, akakiweka mdomoni. Kijana alikijua kidole kile tangu utotoni, lakini siku hiyo alikidharau.

"Basi nisikilize hapa hapa. Kesho wazazi wa mchumba wangu wanakuja. Wiki iliyopita baba yake alinipa lifti, tukapita barabara ya hapo chini, akakuona na kofia yako hiyo. Akacheka. Akaniuliza, 'Yule mama ana wazimu, au amepotelewa na kitu?'"

Matangi yalipita. Mama hakugeuka.

"Nikamwambia simjui." Sauti ilimshuka, kisha akaipandisha tena kwa nguvu. "Ningesema nini, Mama? Sasa kesho ukae chumbani. Shangazi atawapokea, tutasema unaumwa. Na huku darajani usirudi tena. Umri wako ni wa kutulia."

Ukimya wa mama aliudhani ni kukubali, akaanza hata kumshukuru. Magogo yakapita, makontena yakapita, mpaka taa nyekundu ya behewa la mwisho ikapotelea kwenye kona. Ndipo mama alipobonyeza kitufe.

"Umemaliza, baba?"

Kijana aliitazama kamera. "Ulikuwa unarekodi?"

"Ulidhani nimeileta ipunge upepo?"

"Yafute maneno yangu, tafadhali."

"Treni haikatwi."

"Hata kwa mwanao?"

"Wewe umenikata mbele ya mkweo, kama uzi uliozidi kwenye pindo. Mimi sitakukata. Sitamwonyesha mtu, usiogope. Lakini chumbani sikai."

Kesho yake wageni walikaribishwa na shangazi, dada wa marehemu, mwenye ulimi usiojua kulala. Alikuwa akimimina chai mama alipotokea, amevaa gauni lake zuri kuliko yote, na kichwani ile kofia pana ya darajani.

"Wifi, kwani jua limeingia sebuleni?"

"Limekaribishwa," mama akajibu, akaketi.

Kikombe cha mkwe kiliishia njiani. "Samahani, mama. Sura hii nimewahi kuiona mahali."

Mama angeweza kumwokoa mwanawe kwa neno moja. Hakulitoa. Alikaa kama anavyokaa nyuma ya kamera, mikono imetulia, akiungoja ukimya upite wote, behewa kwa behewa. Shangazi alifungua kinywa. Mama akainua kidole, kinywa kikafungwa.

"Ni yule wa darajani," kijana akasema hatimaye, macho kwenye zulia. "Ni mama yangu. Siku ile nilisema simjui. Nilisema uongo."

"Na wala hukupepesa jicho," mkwe akasema taratibu. Safari hii hakucheka.

"Ama swali lako, mzee mwenzangu," mama akasema, "wazimu sina, wala sijapotelewa na kitu. Nilikuwa natazama treni."

Honi ililia kwa mbali. Mama akasimama, akachukua mto wake na kamera.

"Mama, hata leo?"

"Treni haijui kama tuna wageni. Nyumba ni yenu, jamani. Huyu kijana ana mengi ya kuwaeleza."

Darajani, kichwa cha treni kilipoingia kwenye kioo, alisikia viatu vya ngozi vikipanda ngazi nyuma yake. Kama ni vya mwanawe au vya mkwe, hakugeuka kutazama. Aliinua kidole, akakiweka mdomoni. Viatu vikasimama, vikanyamaza. Na treni ilikuwa ndefu.