Sekunde Hamsini na Nane

Umuro alipopiga usukani kiganja mara ya saba, Gumato, binti yake, alikuwa amechoka naye kabisa.

"Hii kona umeifinya," baba yake alisema. "Mimi sikuwa nakanyaga breki hapa."

Gumato hakuwa amefinya kitu. Kabla uwanja ule mdogo wa mbio za magari pale Chechelesi haujakatwa ploti, aliuzunguka siku nne na tepu ya kupimia, jua likimchoma utosi, akiandika kila kona na kila pipa la kuonyesha njia. Kisha akamaliza miezi mitano akiujenga upya kwenye kompyuta, mashimo na mawe yake yote, ili mtu ashike usukani wa plastiki na kukimbia kama zamani. Kila aliyeujaribu aliusifu, isipokuwa yule mmoja ambaye sifa yake ndiyo aliyoitaka.

Shida ilikuwa saa. Mwaka wa pili wa serikali za kaunti, Umuro aliuzunguka uwanja huo kwa sekunde hamsini na nane akiwa na pikapu kuukuu, na hakuna aliyewahi kumfikia. Tangu hapo mji humwita Hamsini na Nane. Kwenye kompyuta alipata sitini na tano, akikazana sana sitini na nne. Na kwa kuwa mzee huyu hajakosea tangu azaliwe, basi aliyekosea ni binti.

Gumato akasogeza kona, akairudisha. Akapunguza mchanga. Akalia kwa hasira, akapima tena. Mwisho akamwendea Esekon, aliyekuwa akishika saa siku za mbio, na ambaye sasa huziba pancha karibu na soko la mifugo.

"Habari, mzee. Baba alipataje ile hamsini na nane?"

Esekon alicheka. "Gari ikitoka pipa ya kwanza, vumbi inafunika mimi na saa yangu. Nikimaliza kupangusa macho, gari iko pipa ya pili. Hapo ndio nilikuwa naanza kuhesabu."

"Kwa baba peke yake?"

"Kwa wote. Alishinda wote, hiyo si uongo. Ni namba tu."

Gumato alirudi nyumbani mbiombio. Alikuwa sahihi tangu kipimo cha kwanza, na leo mzee wake angenyamaza. Alimkuta amesimama mlangoni. Mwendesha boda mmoja alikuwa akipita, akapunguza mwendo.

"Salaam aleikum, Hamsini na Nane."

Umuro aliitikia, akanyoosha mgongo wake mbovu, akamsindikiza yule mtu kwa macho mpaka akapotea. Gumato akampita mlangoni, siri ya Esekon bado anayo. Alijikasirikia kwa hilo.

Aliketi kwenye kompyuta. Kona hakuzigusa. Alichukua mstari wa kuanzia saa tu, akausogeza kutoka pipa la kwanza hadi la pili, ule wa kumalizia akauacha palepale, kisha akamwita baba yake.

Umuro alizunguka mara mbili. Ya pili ikasoma hamsini na nane kamili. Aliachilia usukani taratibu, akamgeukia binti yake, macho yamelowa.

"Sasa umeiweka sawa," alisema. "Kazi nzuri, mama. Si nilikuambia siku zote umekosea?"

Miezi mitano alikuwa ameyangoja maneno hayo, na sasa amepewa kwa kitu pekee cha uongo katika uwanja mzima.

"Nilikosea, Abba," Gumato alisema.