Mama Aliyeogopa Kuwahi

Tangu yule mzazi amfie mikononi, Nesi Shadya alikuwa kama pilipili: ukimgusa tu, anawasha. Mzazi huyo aliletwa kituo cha afya kujifungua, kutoka upande wa Kilambo, akiwa amechelewa, damu imemwishia mwilini, na kabla ya adhuhuri akakata roho. Shadya akanawa mikono, akavaa glovu nyingine, akaendelea na foleni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kazi ni kazi.

Wiki iliyofuata Mwanahamisi, mkulima wa korosho wa Ziwani, aliingia kituoni na mwanawe Kassimu mgongoni. Mtoto alikuwa anawaka homa, shingo imelegea.

"Ameanza lini?" Shadya aliuliza.

"Juzi, nesi. Au tuseme siku ya kabla ya juzi."

"Na siku zote ulikuwa unangoja nini? Mpaka awe wa kuzikwa ndipo umlete?"

Wodi nzima ikageuka kutazama. Mwanahamisi akavuta ushungi, akajifunika uso. Kipimo kilionyesha malaria. Shadya akamchoma mtoto sindano, akamtundikia dripu. Mikono yake haikukosea hata kidogo. Ulimi ndio uliokosea.

Matroni Theresia alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Manesi wengine wakangoja amkaripie Shadya. Yeye akamwomba nesi Elizabeti ashike wodi, akamwongoza Shadya hadi stoo ya dawa, wakakaa juu ya maboksi.

"Yule mzazi alikuwa anaitwa nani?"

Shadya alitaka kusema hakumbuki. "Rukia," akasema, na sauti ikakatika. "Alinishika mkono, matroni. Akaniuliza kama atapona. Nikamwambia atapona."

Theresia hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia ndiyo mipango ya Mungu. Alikaa naye tu mpaka kwikwi zilipotulia. Kisha akasema, "Ningekuuliza siku ileile. Nilipita hapo nikakuona, nikaogopa tutalia wote."

Shadya alinawa uso, akarudi wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Kassimu, nimekusemesha vibaya. Unisamehe."

Mwanahamisi alimtazama kwanza, kama anayepima kama ni kweli.

"Mwaka jana nilimleta homa ilipoanza tu," akasema. "Nikafokewa hapahapa, eti nawasumbua kwa kihoma kidogo. Basi safari hii nikasema, ngoja iwe kubwa, nisije nikaaibika tena."

Shadya alimfikiria Rukia: naye je, alichelewa kwa kuogopa midomo yao manesi? Hakukuwa tena na wa kumuuliza.

"Njoo hata kwa kihoma kidogo," alisema mwishowe. "Mimi naitwa Shadya. Uniulizie."

Asubuhi Kassimu aliomba uji.

Baada ya hapo, nesi aliyefiwa na mgonjwa alipumzishwa kidogo, mwenzake akakaa naye. Siku nyingine haikuwezekana. Wauguzi wachache, foleni imefika barazani. Na Shadya bado ilimtokea kupandisha sauti. Ila sasa alijisikia mwenyewe, akakatiza katikati ya neno, akaanza upya taratibu.